Batayo Yenu Haikuishia Uvira

Baba Furaha,

Ni mimi, Mama Furaha. Mjukuu wetu Neema ndiye anaandika, mimi niko nasema tu, unajua kalamu na mimi hatukujuanaka. Huku Sharpstown, Amerika, joto bado. Kiti yako hakuna mutu anaikaliaka, ila paka ya jirani.

Bon. Siku ya kuondoa matanga yako, rafiki yako wa vita, muzee Lubunga, alitoka Carrollton na basi. Nikamunyooshea mukono, akaficha yake nyuma! Bajukuu bakakasirika: "Mbona anazarau Koko wetu?" Mimi nilicheka mupaka machozi. Nikabaambia ni sheria ya dawa yenu ya vita: musoda hapeani mukono na mwanamuke, risasi isimupate. Nikamuambia, muzee, mapinduzi yenu ya kule kwetu ilikwisha zamani, tuko Amerika, risasi gani tena? Akajibu: "Mama Furaha, hakuna mutu alitutosha ile dawa mwilini."

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo. Akasimama, akaelezea batu njia ya batayo yenu, ile kikosi yenu ya mapinduzi: mulishuka milima ya Fizi, mukapita Baraka, mukaingia Uvira, basoda ba serikali bakakimbia. Hapo akakatisha, akakaa chini. Batu bakapiga makofi. Neema macho ikamuwaka. Asubuhi ananiambia anaenda kuingia jeshi ya hapa, ile ya kutembea na miguu, kama wewe.

Nikamukalisha jikoni, nikamumalizia ile njia. Jinsi ndege za vita zilikuya. Jinsi mulirudia barabara ile ile na njaa, munakula muhogo mubichi, munaacha bagonjwa kando. Jinsi Amisi, ndugu yako wa tumbo moja, aliomba maji, na haukusimama. Uliniambiaka ile mara moja tu, unaangalia ukuta. Usikasirike, nimeitosha inje. Mutoto alipashwa kujua.

Akalia. Kisha akapanguza uso: "Nitaenda tu, Koko."

Sasa nifanye nini? Na wewe mama yako alikukatazaka, alilala mbele ya mulango, ukamuruka.

Ona, kalamu ya Neema imesimama. Andika, mwanangu, andika tu.

Ulale muzuri, muzee wangu. Nakuahidi hii moja: Neema akirudi, nitamupikia, nitafunga mulango, na ataniambia njia yake yote, ya kwenda na ya kurudi. Hata akinyamaza, nitakaa pale mupaka amalize.