Mtu Mdogo Chini ya Barabara za Juu

Jumanne, Missouri City, pembeni mwa Houston. Mvua tangu asubuhi. Na mimi, mwanamume niliyekanyaga nchi saba na kuoga bahari tatu, leo nimeshindwa na brashi.

Mzee ninayemtunza nyumbani kwake ni mchoraji Mchina. Anachora hii Houston yetu kwa wino mweusi, vile mababu zao walivyochora milima. Zile barabara za juu zinazopandana huko mjini, kwake ni majabali. Ukungu hauchori kabisa, anaacha karatasi tupu. Siku za kwanza nilimwambia, "Mzee, hapa umesahau kupaka." Alicheka mpaka nikamshika asianguke.

Halafu chini kabisa lazima kuwe na mtu, mdogo kama punje ya mchele. Wachoraji wa zamani walimpa fimbo au punda. Mzee wangu humpa mfuko wa plastiki wa dukani. Anasema bila huyo mtu hutajua mlima ni mkubwa kiasi gani.

Tangu kiharusi, mkono wake wa kulia umekataa kazi. Kesho binti yake anakuja kuchukua mchoro wa mwisho aupeleke maonyesho ya Dallas. Kila kitu alikichora kabla ya kiharusi, isipokuwa mtu.

Leo alijaribu. Alichovya brashi, lakini kabla haijagusa karatasi mkono ukaanguka mezani kama wa mtu mwingine. Akanisogezea brashi.

"Bingwa, mchore wewe." Hilo jina nilimfundisha mimi mwenyewe aniite. "Si ulisema kila kinyozi Nakuru ana mchoro wako?"

"Ukutani, Mzee. Vichwa vikubwa, rangi ya mafuta. Nikikosea napaka tena."

"Hapa hakuna kupaka tena."

Najua. Karatasi ile inakunywa wino mara moja, basi. Niliishika brashi wima, kama yeye. Huu mkono wangu unabeba friji. Nikaileta ncha karibu na karatasi, nikairudisha.

Sikuweza.

Mimi hutania mpaka polisi wa barabarani, mpaka pasta wangu. Leo niliilaza brashi tu mezani. Tulikaa tukiiangalia ile barabara isiyo na mtu hadi uji wake ukapoa. Ingewezekana ningempa mkono huu, kwa kweli, nibaki na wa kushoto wa kuendeshea gari.

Binti akiuliza mtu yuko wapi, nitamwambia nini?

Kabla sijatoka niliosha brashi, nikaichonga ncha kwa vidole kama alivyonionyesha. Wino wa yule mtu mdogo ulikuwa bado wote humo. Ukateremka na maji kwenye sinki.