Muganga Amesema Niko na Macho Makavu

Kalemie, siku ya posho, kesho kanisa, jua ingali juu

Yaya Wabiwa, dada yangu mukubwa uliyenibeba mugongoni na kuniangusha,

Jambo sana. Magoti yako yangali yanakupigia kelele wakati wa kupanda shambani? Mihogo imetoka muzuri? Na yule jogoo wako mwenye kiburi, angali hai ao mulikwisha kumukula? Mimi hapa niko muzima, nakula, nalala, nasema sana kupita zamani. Kaa chini kwanza, juu habari niliyo nayo haifai kusikilizwa na mutu mwenye kusimama. Na kama kuna mutu anakusomea barua hii, mwambie asiruke fasi zenye aibu, hizo njo zenye utamu.

Kwanza kabisa, sikupofuka. Wale waliofika huko na boti ya samaki ndagala wakisema Asende amekuwa kipofu, analia njiani kama mutoto aliyepotea sokoni, walisema nusu ya kweli. Machozi yalikuwa. Upofu hapana.

Tangu kiangazi macho yalikuwa yananichoma, kama mutu ameyatia muchanga na pilipili. Asubuhi kope zimeshikana. Nikikaa kando ya ziwa kushona nyavu za watu, upepo ukinipiga, machozi yanashuka mupaka kwenye ndevu. Nilinunua sokoni matone ya kufanya macho yawe meupe. Yakawa meupe asubuhi moja, kisha yakawa mekundu kama nyanya. Jirani akasema dawa ni maziwa ya mama mwenye kunyonyesha. Nikaenda kuomba kwa adabu kwa bibi ya kijana mumoja, kikombe mukononi. Bwana yake njo aliyenijibu. Yaya, sikujua kama ningali naweza kukimbia vile.

Lakini kitu kilichoniuma zaidi si macho. Ni Mama Feza.

Usikunje mudomo! Mama Feza ni mujane, anakausha samaki kwa moshi karibu na fasi tunapovuta mitumbwi. Anacheka na tumbo yote, na mutu akijaribu kumudanganya bei anamutukana mupaka babu yake aliyekufa. Nawe unajua, tangu marehemu Mama Sifa, bibi yangu wa ndoa, alipotuacha, nyumba imekuwa kimya sana. Nilikuwa nimeanza kugombana na sufuria.

Basi nikaazima abakosti, ile koti ya wakubwa, nikamuchukua Papa Shauri, muzee wa kanisa yetu, tukaenda kumuomba kwa kaka yake. Huyo kaka anaitwa Papa Kabange, anafanya kazi ya reli, ni mutu wa kutazama saa hata wakati wa sala. Kumbe ile siku walikuwa wanakausha samaki nyuma ya nyumba, na moshi wote unaingia barazani. Papa Shauri alifungua tu kinywa, "Tumekuja kutafuta mutu wa kumutunza huyu muzee," machozi yakaanza. Nikapangusa na mukono, yakazidi. Nikapangusa na kola ya abakosti ya watu.

Papa Kabange akatazama saa, kisha akanitazama mimi.

"Papa Asende, pole sana. Naona kilio yako haijaisha."

"Imeisha, Papa! Imeisha zamani!"

"Imeisha namna gani na unalia mbele yangu? Sisi hatutoi dada yetu kwa mutu mwenye kuwa angali ndani ya kilio ya bibi yake. Enda ulie mupaka umalize, kisha urudi."

Haya. Nilirudi nyumbani nawaka hasira, machozi yanashuka vilevile, na wamama wote wa njiani wananiambia, "Pole, Papa, Mungu atakufariji."

Njo nikaenda hospitali. Pale kuna mama mumoja muganga wa macho, angali kijana, lakini sauti yake ni ya mwalimu. Akanigeuza kope, akamulika, kisha akanitundikia kijikaratasi chembamba kwenye kope ya chini, akaniambia nifunge macho. Nilikaa pale karatasi inaning'inia, kama mbuzi aliyekwisha kutiwa alama ya soko. Akaitoa, akaitazama, akaniita kwa heshima ya serikali mbele ya watu wote waliokaa kwenye banki ya mbao kungoja zamu:

"Sitwayen Asende, uko na macho makavu."

Yaya! Nilisimama. Mutoto mudogo vile kuniambia sina haya? Wewe peke yako njo uko na ruhusa ya kuniita macho makavu, tangu ile siku nilikula samaki ya baba na kuapa ni paka.

"Mama," nikamuambia, "nimekuja na adabu yangu yote. Nimekukosea nini?"

"Kaa, Papa. Sisemi hauna haya. Nasema macho yako yamekauka."

"Yamekauka? Na haya maji yanatoka wapi, kwa jirani?"

Banki nzima ikacheka. Hata yeye akaficha mudomo. Kisha akanieleza polepole. Jicho inapakwa maji yenye mafuta kidogo, na mafuta ile inatoka kwenye kope. Kope zangu zimeziba. Maji bila mafuta hayakai, yanakauka mbio, jicho inasikia inaungua, inaita maji mengi kwa haraka, nayo yanamwagika tu. Nikaelewa: ni mvua juu ya jani ya ndizi. Inanyesha, na jani inabaki kavu.

"Itapona?" nikamuuliza.

"Kupona kabisa, siwezi kukuahidi. Utaishi nayo kama mutu anayeishi na jirani mwenye redio. Lakini tutapunguza sauti."

Sasa sikiliza namna ya kupunguza, juu nimekuwa mutaalamu. Asubuhi na magaribi nachovya kitambaa safi katika maji ya moto, si ya kuunguza, naikamua, naiweka juu ya macho yaliyofungwa mupaka kope zilainike. Kisha nanawa, na kidole nasukuma kope polepole kuelekea nywele zake, mafuta itoke, napangusa. Kisha natia matone. Unajua matone ile inaitwa nini? Machozi ya chupa! Fikiria, mimi niliyelia mupaka ndevu zikaoza, naenda hospitali kuomba machozi. Mbele ya kulala napaka pomada ndani ya jicho, na taa inakuwa kama mwezi ndani ya ukungu. Na moshi nikae mbali nayo.

Tena alisema, "Papa, ukishona nyavu unakaza macho, unasahau kupepesa. Pepesa, pepesa kila mara." Nikatii. Nikapepesa kazini, nikapepesa sokoni, nikapepesa kanisani. Bibi ya shemasi akaenda kushitaki kwamba Papa Asende anamukonyeza wakati wa mahubiri. Papa Shauri alinitetea, lakini niliona yeye mwenyewe alikuwa na mashaka.

Mwanzoni hakuna kitu kilichobadilika. Nilirudi hospitali kugombana, akaniambia niendelee, nikaendelea kwa kinyongo. Kisha asubuhi moja nikafungua macho, Yaya, yakafunguka kama mulango uliotiwa mafuta! Hakuna muchanga. Niliketi na wavu nikaona kila tundu, nikaimba mupaka wavuvi wakaniomba ninyamaze.

Na leo asubuhi nikarudi kwa Papa Kabange. Abakosti ileile. Safari hii nilichagua kiti upande upepo unakotoka. Papa Shauri akasema maneno yake. Papa Kabange, mujanja yule, akaanza kumutaja marehemu Mama Sifa: wema wake, namna alivyoimba, namna alivyougua. Alikuwa ananipima. Mimi namusikiliza, moyo unauma ndiyo, lakini usoni hakuna hata tone.

Akapiga mukono kwenye meza. "Ah! Tunakutajia bibi yako na haulii hata kidogo? Papa, uko na macho makavu!"

"Njo vile!" nikapiga kelele, nikatoa chupa mufukoni. "Hospitali yenyewe ilisema!"

Papa Shauri akafunika uso. Nikawaeleza yote, karatasi, mafuta, kitambaa. Nyuma ya pazia nikasikia kicheko ninachokijua, kisha kikakatika. Mama Feza akatoka, magamba ya samaki mikononi.

"Papa Asende, hiyo ya kuchoma kama muchanga, asubuhi kope zimeshikana?"

"Njo hiyo."

"Na machozi yanakuja bila huzuni?"

"Bila huzuni, Mama."

Akakaa chini. "Tangu bwana yangu afe, machozi yangu hayajakatika. Nalia na moyo umetulia. Nilisema, basi marehemu hajaniachilia. Njo sababu niliwakataa wote waliokuja."

Nikamuambia mimi si muganga, lakini tutaenda pamoja hospitali akatundikiwe ile karatasi. Kwa sasa nikaomba maji ya moto. Nikakamua kitambaa, nikaijaribu kwanza kwenye shavu yangu, nikamuwekea. Papa Kabange akatoa saa.

"Dakika ngapi?"

"Mupaka kope zilainike, Papa. Rudisha saa mufukoni."

Akairudisha. Kisha Mama Feza akasema chini ya kitambaa:

"Kabange."

"Eee, dada."

"Huyu muzee kilio yake imeisha. Na yangu, naona iliisha zamani, hakukuwa mutu wa kuniambia. Aite watu wake waje kusemezana mahari."

Watu wangu njo wewe, Yaya. Mukubwa mwingine sina. Panda boti ya kwanza. Kuhusu moshi usiwe na wasiwasi: Mama Feza amekwisha kusema kichanja yake ya samaki itahamia upande wa pili, moshi iende ziwani. Sikumuomba.

Musalimie shemeji, bwana yako, mwenye kukoroma. Musalimie muchungaji, na mama jirani anayekuletea kuni. Binti yangu Sifa, muliye naye huko, umwambie wewe mwenyewe, polepole, mukiwa mumekaa wawili. Mwambie mama yake sikumutoa moyoni. Kilichotoka ni ule ukimya wa nyumbani.

Usilete zawadi. Leta ule mudomo wako wa kugombana, juu Papa Kabange anajua kusema.

Nakungoja kwenye bandari,
mudogo wako Asende