Mgagani wa Kichakani

Mjukuu wangu Chacha,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Nyamwaga mvua imeshika, baba yako amepanda mahindi, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Unauliza kwa nini panya wako wa maabara wanakula punje chache za pembeni, na katikati penye chakula tele hawaendi, hata wakiwa na njaa.

Nilipokuwa msichana kule Kenyamonta, miaka ya hamsini, ilitupata njaa ambayo sitaisimulia. Mimi na dada yangu Gati tulichuma mboga ya mgagani kando ya boma, lakini uliobaki pale ulikuwa mdogo. Mgagani mnono uliota karibu na kichaka cha mtoni, na huko tulikatazwa kwa sababu ya chui. Siku moja nilimwacha Gati nikaenda. Niliona kanga wanachakura pale, nikajua ni salama. Nikainama, nikachuma kwa mikono miwili.

Ghafla kanga wakanyamaza. Wote waliinua vichwa wakatazama kichaka kilichokuwa mbele yangu. Nyasi zilitikisika, na upepo haukuwepo.

"Robi, usikimbie," Gati aliita kutoka nyuma yangu; kumbe alinifuata. "Acha kikapu. Rudi polepole."

Nilirudi kinyumenyume. Kikapu hatukukifuata tena. Mpaka leo nakula nikiutazama mlango, na mama yako hunicheka.

Mimi sikumwona aliyekuwa kichakani. Panya wako wakiinua vichwa, wanakuona wewe.

Bibi yako,
Robi