Matuta Mawili ya Mahurunga

Mtawanya,
Mtwara.
8 Julai, 2025.

Mpendwa Mjomba Rajabu,

Shikamoo. Hamjambo wewe na mkaza mjomba Asia? Na goti lako je, linaivumilia baridi ya huko Mbeya? Sisi huku wazima, na mihogo imekubali. Moyo wangu tu ndio haujatulia. Simu yako haipatikani, nami nakujua ulivyo, unaizima ili chaji isiishe. Ndiyo maana nimempa Mwalimu Yustina barua hii aje nayo.

Mjomba, naogopa.

Unajua kazi yangu pale makumbusho, kwenye stoo ya visukuku, ile mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Tangu Aprili tunaikagua yote, tunapima kila kipande na kuonyesha kwenye ramani mahali kilipopatikana. Juma lililopita nilifungua boksi la chini kabisa, nikakuta kipande kinene kama mchi, na lebo ina jina lako: Rajabu Selemani, Mahurunga.

Nilikumbuka ulivyonisimulia. Siku ya kumzika mama mlichimba, jembe likagonga mfupa. Mkadhani mmeingilia kaburi la mtu, mkafukia na kuinua tuta kwa heshima, kisha mkachimba jingine hatua chache pembeni. Kipande kimoja ulikileta mjini baadaye, kuuliza ni cha nini. Hukuniambia lipi ni lipi, nami sikuuliza.

Mficha uchi hazai, nikamweleza mkubwa wetu wa kazi, Stefano. Ni mtu mwema. Alisema, "Pole sana, dada. Wewe tuonyeshe kaburi la mama, tutalizungushia kamba. Tutachimba lile jingine tu." Ukoo umeshakubali. Watachimba Jumatatu, tarehe 21.

Jumamosi nikaenda shambani kuhakikisha. Matuta yapo mawili chini ya mikorosho, moja upande wa mto, jingine upande wa njia, yote yamelala sawa, yote yana jiwe kichwani. Sisi wanawake hatukwenda kuzika, tulibaki nyumbani tukilia. Lile la upande wa mto nilionyeshwa na marehemu Mzee Sudi, na wakati huo macho yake yalishaanza kumsaliti. Issa naye ametangulia mbele ya haki. Katika waliochimba siku ile umebaki wewe peke yako.

Usingizi sipati. Nikikosea, mfupa wa mnyama utazungushiwa kamba, na majembe yatamwangukia mama.

Tafadhali azima hata simu ya jirani. Neno moja linatosha: mto au njia.

Msalimie mkaza mjomba, na Zawadi na wanawe. Saida anakuamkia. Mungu akuweke, Mjomba, na akulindie kumbukumbu zako.

Wala usinionee huruma. Ikiwa ni lile la upande wa njia, niambie tu. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikimsomea mama Yasini kwenye la upande wa mto.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, niliyeshika simu mkononi,
Mwanaidi