Gitaa Lisilokula Betri

Elamine, uji nimeufunika jikoni.

Usikimbilie bandarini. Ukisoma hii, boti ya Moroni imeshaondoka, nimo ndani, na tiketi yako ninayo. Viatu vyako pia nimevificha, usijisumbue.

Asubuhi ulininunia niliposema gitaa la besi nitakuchagulia mimi. Moroni siku hizi kijana wa Mutsamudu akifungua mdomo tu, lafudhi inamtambulisha, anapigwa. Mimi bibi kizee nitajifanya bubu mpaka dukani.

Nyuzi tano, sijasahau. Nitaleta ~~lile la betri unalolitaka~~ lisilotumia betri. Tangu kisiwa chetu kijitenge na Moroni betri hazionekani huku, unataka likuzimikie ukipiga harusini, mbele ya bibi harusi?

Nikikosea kuchagua, ninunie mpaka Ramadhani. Bora uninunie ukiwa hai.

Koko, bibi yako