Maji ya Moto Niliyomnyima Mama

Buffalo, Amerika, Jumapili mchana, baada ya ibada

Kaka yangu mkubwa, mwinjilisti wetu,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe na shemeji, na watoto, na waumini wote mnaokusanyika hapo sebuleni kwako. Mgongo unaendeleaje? Dada yetu Furaha aliniambia kutoka Louisville kwamba siku hizi unahubiri ukiwa umekaa kwenye kiti. Usione aibu, kaka, kaa tu, neno linafika. Na presha ya shemeji imeshuka? Sisi huku tu wazima kwa neema. Mama Neema wangu bado anafanya kazi ya kutunza wazee. Watoto wanasoma, nawasalimu kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, ndiyo maisha yetu. Mimi nina mafua, lakini huku mafua unayazoea kama jirani.

Barua hii inakuja kwa mkono wa mama mmoja wa kanisa letu anayekuja Uvira kumwona binti yake. Amebeba na kifurushi. Nakuomba, kabla hujakifungua, vaa miwani yako uisome barua mpaka mwisho, na usimpe mtu mwingine akusomee. Kwa simu nimejaribu mara tatu. Nikikusikia tu unasema "mdogo wangu," maneno yananiishia, najikuta nauliza habari za mvua.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni ipi hasa, nikakuambia nasafisha madirisha ya majengo, ukacheka ukasema hiyo ni kazi ya wasichana. Bon, ngoja nikueleze vizuri, kwa sababu jambo lenyewe limo humo.

Tuna gari lenye tangi la maji nyuma, na chombo kinachochoma mafuta ya mazutu kuyapasha moto. Maji yanapita kwenye mpira, yanapanda ndani ya mti mrefu mwepesi wenye brashi kwenye ncha, na mimi nasimama chini nasugua kioo cha ghorofa ya tatu. Ni maji yaliyochujwa sana, kwa hiyo huhitaji kufuta, kioo kinakauka chenyewe bila alama. Wakati wa joto tunatumia maji ya baridi, hakuna shida. Lakini baridi ya hapa ikifika, maji ya baridi yanaganda kwenye kioo kabla brashi haijarudi, na mpira wenyewe unakuwa mgumu kama fimbo. Hapo ndipo tunawasha moto. Unaanza na vuguvugu, taratibu, maana kioo kilicholala na barafu ukikipa moto wa ghafla kinapasuka. Kikishazoea, unaongeza. Ule ukungu wa barafu unateleza wenyewe, uchafu unaachia, mvuke unapanda mpaka wafanyakazi wa ofisini wanaacha viti vyao kuja kutazama. Halafu unamwaga chumvi chini, maji yasije yakaganda na kumwangusha mpita njia.

Mama alipenda sana hadithi za kazi hii. Nilipokuwa narudi jioni, kabla hata sijavua viatu, alikuwa ananiuliza: "Leo umeogesha nani?"

"Leo nimeogesha benki, Mama."

"Imepona?"

"Imepona, inang'aa."

"Haya, kula."

Kila siku hivyo hivyo, kaka. Wakati mwingine ni shule, wakati mwingine ni daktari wa meno, na yeye anacheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Unajua vizuri kuliko mimi jinsi ulivyomngoja Mama. Miaka ishirini unamwomba azame majini kama sisi, naye anakujibu kwamba mapadri walimmwagia maji akiwa mtoto, na hawezi kumwacha Baba peke yake kanisani kwake. Hata Baba alipozikwa bado alikaa kimya. Kisha mwaka jana, majani ya miti ya huku yanaanguka, aliweka kikombe mezani akasema, "Mwambie kaka yako niko tayari." Nilikupigia papo hapo. Ulilia mpaka shemeji akachukua simu.

Alinunua kitambaa cheupe, akaishona kanzu mwenyewe kwa mkono, mikono mirefu mpaka kwenye vidole. Nilimwambia Furaha angeweza kumtumia iliyo tayari kutoka Louisville. Akasema, "Ya dukani itakuwa na mikono ya kisichana."

Mchungaji wetu anakaa Columbus, upande wa Westerville, huja kwetu mara moja kila miezi mitatu kwa ubatizo na meza ya Bwana. Alipokuja mwezi wa kwanza, theluji ilikuwa imefika magotini. Ukumbi tunaokodi hauna kisima cha kubatizia, tunatumia beseni kubwa la bati, lile wazungu wa mashamba wanalonyweshea ng'ombe. Mama alilitazama akasema, "Ng'ombe wa hapa wanakunywa kama wafalme." Alikuwa amekaa kiti cha mbele tangu asubuhi, kanzu yake imekunjwa mapajani.

Maji ya moto ya ukumbi yaliisha kabla beseni halijafika robo. Yaliyobaki yalikuwa ya bomba, ya Buffalo, ya mwezi wa kwanza. Akina mama wakaanza kuchemsha kwa birika za umeme, mbili tu, wanakimbizana. Wakimwaga ya tatu, ya kwanza imeshapoa. Wabatizwa wengine wawili wenye nguvu walizama hivyo hivyo, wakatoka meno yanagongana. Lakini Mama alikuwa ametoka hospitali kwa kifua si muda mrefu, na daktari alikuwa amekataza kabisa baridi.

Mchungaji akanigeukia mbele ya watu wote. "Ndugu Elisha, si wewe una tangi zima la maji ya moto? Gari liko wapi?"

Gari lilikuwa mbele ya nyumba yangu, dakika tano kwa mwendo. Funguo zilikuwa mfukoni mwa koti langu la Jumapili. Bosi wangu, mzee mmoja anaitwa Rick, alikuwa amenikabidhi wiki ile ile, akaniambia gari ni la kazi, si la mambo ya nyumbani.

Nikajibu, "Mchungaji, ile ni mali ya watu. Siwezi kuichukua kwa mambo yangu."

Kaka, watu walinisifu. Mzee mmoja alisema, "Huyu ni mwaminifu katika vidogo." Mchungaji akainamisha kichwa, akasema basi, tutangoja Pasaka, jua litakuwa limetoka. Nami nilijisikia vizuri. Nakuambia ukweli, nilisimama pale nikajisikia vizuri.

Mama hakugombana na mtu. Aliirudisha kanzu kwenye mfuko wake, akacheka kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Basi madirisha ya wazungu yanaoga maji ya moto, mimi mama yako ningoje jua."

Nikacheka naye. Nilidhani ni mzaha wake wa kila siku.

Sasa sikia kitu ambacho sijamwambia hata Mama Neema. Asubuhi ya siku mbili kabla ya ile Jumapili, kioo cha gari langu mwenyewe kilikuwa kimefunikwa na barafu. Nilifungua mpira wa kazi nikaiyeyusha kwa maji yale yale, ya vuguvugu kwanza, kama nilivyofundishwa. Siku mbili kabla ya hapo niliosha buti za watoto. Donc, uaminifu wangu ulikuwa wa kuchagua. Kwa kioo cha gari langu sikumkumbuka Rick. Nilimkumbuka Rick pale Mama alipohitaji maji, kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na niliogopa kufukuzwa kama nilivyofukuzwa kule kwenye ghala la Louisville.

Pasaka hakuifikia. Kifua kilirudi, siku tatu tu. Kumpigia Mchungaji nilipiga, lakini barabara ya kutoka Columbus ilikuwa imefungwa kwa theluji, na madaktari walikuwa wamemwekea mashine ya hewa. Tulimpeleka Louisville kumzika, karibu na watu wetu wa mtaa wa Iroquois, Furaha aweze kumtembelea.

Siku ile uliponipigia, kwako kulikuwa na kilio na kwangu kilio. Uliuliza neno moja: "Alibatizwa?" Nikasema, "Ndiyo, kaka."

Niliona huruma kwako, nikadanganya. Hapana, ngoja niandike sawasawa: nilijihurumia mimi. Furaha anajua. Aliniambia, "Usimuumize kaka, mwache na furaha yake." Nikamwacha.

Niliporudi kazini baada ya mazishi, Rick aliniuliza habari za Mama, tukiwa tunangoja maji yapate moto. Sijui kwa nini nilimweleza yote, beseni, birika, kanzu. Yeye si mtu wa kanisa. Aligeuza bomba hivi na hivi bila sababu. Kisha akasema, "Elisha, ungeniambia. Ni maji tu. Ningeyaleta mwenyewe."

Sikuwa nimemwuliza. Simu nilikuwa nayo mkononi, nambari yake ninayo, sikumwuliza hata kwa neno moja. Siku zote nilikuwa nikisema moyoni kwamba alinikataza, kumbe nilijikataza mwenyewe na kumtwika yeye.

Ungeendelea kuamini, kaka, kama usingeniletea ule ujumbe wa sauti. Umesema kwamba kwenye ibada ya kumaliza matanga utasimama uwaambie ndugu wote kwamba Mama alizama majini kule Amerika, na kwamba nikutumie kanzu aliyobatizwa nayo, uiinue wote waione.

Jumatano, mchana, nilikuwa nyuma ya duka moja kubwa. Kanzu ilikuwa kwenye mfuko kitini, maana nilitaka kupitia kwa yule mama msafiri baada ya kazi. Maji yalikuwa yamefika moto wake, mvuke unatoka. Wazo likanijia: ilowanishe, uikamue, uianike garini. Itapata makunyanzi ya nguo iliyoingia majini, na hakuna mtu Uvira atakayejua. Nilisimama na mpira mkono mmoja, kanzu mkono wa pili. Nilisimama mpaka tone likaanguka karibu na kiatu changu. Kisha nikafikiri, jioni nikifika nyumbani, kama angekuwepo wa kuniuliza leo nimeogesha nani, ningemjibu nini? Nikafunga bomba.

Mambo ya roho yake wewe unayajua zaidi. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na Biblia yangu naisoma kwa kidole. Sikuulizi Mungu atamhesabu wapi, naogopa jibu. Nakuomba jambo moja tu. Siku ya matanga usiseme alibatizwa. Sema alikuwa tayari, alikuja mapema, alikaa kiti cha mbele na kanzu mapajani. Na sema mwanawe Elisha ndiye aliyemchelewesha. Litaje jina langu, kaka, usilifiche. Kama baada ya hapo hutaki kunipigia kwa muda, nitaelewa. Nitaendelea kuuliza habari za mgongo wako kwa Furaha.

Nisalimie mjomba mwenye duka la dawa, na shangazi yetu mdogo aliyemlea Neema wakati wa mashaka. Msalimie shemeji sana, mwambie yale majani ya chai yalifika. Wasalimie wazee wa kanisa lako wanaokusaidia kuvuka mto siku za ubatizo, wakushike vizuri na huo mgongo. Mama Neema na watoto wanakusalimu.

Sasa unaweza kufungua kifurushi. Usitafute makunyanzi. Kitambaa bado ni kigumu kama kilivyotoka dukani, na nyuzi za mikononi alizozishona bado ziko vile vile. Nimekutumia kanzu ikiwa kavu.

Mdogo wako,
Elisha