Yuko Kwenye Draya

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua usiku. Mimi sijambo, ila vidole vimechubuka kwa dawa za nywele na usingizi umenipaa tangu Jumamosi ile, leo siku ya tisa. Mama anakusalimu sana. Najua utashangaa kuandikiwa na mtu anayekaa vituo vitatu tu kutoka kwako. Lakini unanijua, mbele ya mtu ulimi wangu unakuwa mzito, na simu nimeanza kuiogopa. Utaelewa kwa nini.

Uliponitafutia kazi kwa Madamu nilikuambia kwamba nafagia na kuosha vichwa. Hiyo ni kweli Jumanne mpaka Ijumaa. Jumamosi saluni inageuka. Kuanzia saa nane mchana wasichana wanaingia na nguo za kushindia nyumbani, zile za kutokea wamezificha ndani ya mikoba. Wakishasukwa na kupakwa rangi wanabadilisha nyuma ya pazia, na nguo walizoagia nyumbani nazikunja mimi, natia kila moja kwenye mfuko wake, naning'iniza kwenye misumari. Alfajiri ya Jumapili wanarudi viatu mkononi, wananawa uso, wanavaa zao na kwenda makwao kama watu waliolala salama kwa rafiki.

Simu pia wanaziacha. Mzazi akipiga wakiwa klabuni, muziki utamweleza kila kitu. Kwa hiyo zinabaki kwenye droo, na kuzipokea ni kazi yangu. Madamu alinifundisha siku ya kwanza: nawasha draya, ile mashine ya mkono ya kukaushia nywele, naishika karibu na mdomo, kisha nasema kwa adabu kwamba mwenyewe yuko kwenye draya, hasikii, niache ujumbe gani. Msusi mkubwa hucheka kwamba mimi nimeumbiwa kazi hiyo, maana nina sauti ya mtoto wa kwaya na hakuna mama atakayenidhania ubaya. Madamu aliongeza kwamba atakayemchoma mteja kwa wazazi wake aache aproni mlangoni.

Binti yako Kasuku ni mmoja wao. Nisamehe kwa kulisema hivi, sijui namna nyingine. Wewe unajua kila Jumamosi akitoka saluni analala kwa rafiki yake wa chuo.

Jumamosi ile ulipopiga simu yake, saa kumi na moja na dakika chache, Kasuku alikuwa ameshaondoka. Wanawahi kwa sababu kabla ya saa kumi na mbili wasichana hawalipi kiingilio. Ukanieleza kwamba baba mdogo ameitwa ghafla kwenye ule mkataba wa kuchomelea mabomba, miaka miwili, anaondoka na basi la saa moja jioni hiyo hiyo, na anataka kumwona binti yake kwanza. "Mwambie aje hata kama kichwa kiko nusu," ulisema. Nikajibu sawa mama, namwambia sasa hivi. Draya ilikuwa inanguruma.

Nilitaka kumwambia kweli. Nilikimbia mpaka klabuni, nyuma ya kituo cha mafuta. Foleni ilikuwa imeuzunguka ukuta, watu wananukia, na mlangoni amesimama baunsa mwenye shingo kama gogo. Akazitazama kandambili zangu, akaniomba kitambulisho, nikasema sina.

"Rudi nyumbani, kadogo, hapa hatufundishi hesabu."

Foleni nzima ikacheka. Mama mdogo, ilitosha kusema baba yake anasafiri. Maneno matatu, angemwita. Macho yale yote yalinishinda, nikageuka nikarudi saluni.

Wewe unaamini Kasuku alipata ujumbe akaamua tu asije. Baba mdogo naye anaamini hivyo, ndiyo maana simu zake hapokei. Nilimwuliza Kasuku kwa nini hajitetei. Akasema akifungua mdomo itabidi aeleze alikokuwa, na mimi nitafukuzwa kazi ambayo ndiyo kwanza nimeipata tangu nimalize shule. Bora achukiwe mtu mmoja. Baba yake alimpa jina la Kasuku kwa kuwa alikuwa hanyamazi hata akila. Sasa anakuja saluni, anakaa kwenye kiti cha kusubiria, hasemi.

Lakini kuna jambo hata yeye halijui. Ulipiga tena ikiwa imebaki kama dakika kumi kufika saa moja, ukiwa stendi, ukauliza kama ametoka. Madamu alikuwa ananitazama kwenye kioo. Nikakuambia ameshatoka, yuko njiani, na amesema mumsubiri. Hilo la kusubiri hukuniuliza. Nililiongeza mwenyewe, ili usiendelee kunidadisi. Juzi mama ndiye aliyenisimulia kwamba baba mdogo alishusha sanduku lake, akaliacha basi la saa moja liondoke na kiti chake, akasimama getini mpaka saa tano akimtazama kila msichana anayeshuka, kisha akasafiri na basi la mwisho usiku kucha amekaa juu ya lile sanduku. Hakumngoja binti mkaidi. Aliningoja mimi na uongo wangu.

Leo ni Jumatatu, saluni imefungwa. Aproni nimeiacha kwenye kitasa cha Madamu. Barua hii naipitisha mwenyewe chini ya mlango wako, kwa hiyo ukifika kwenye mstari huu mimi nipo nje, kibarazani, nimekaa. Naomba umpigie baba mdogo. Simu yako anaipokea. Akishaitika, fungua mlango unipe niseme naye. Nimeyarudia maneno njia nzima na nadhani yatatoka. Ukiona huwezi kunifungulia leo, nitakaa tu.

Msalimie Kasuku akirudi kutoka chuoni, na umwambie mimi ndiye niliyesema.

Ni mimi mwanao,
yule mnayemwita Kimya.